Vitabu Vilivyopendwa Mwaka Huu: Orodha Ina Maana Gani kwa Msomaji wa Kigoma

Kila mwaka unapokaribia ukingoni, wasomaji wa vitabu katika nchi nyingi hufanya jambo moja linalofanana. Huhesabu vitabu walivyovisoma tangu Januari, huvipima, kisha huwatangazia wenzao vile vilivyowagusa kuliko vingine. Rais mstaafu wa Marekani, Barack Obama, amelifanya jambo hilo kuwa desturi yake ya Desemba, na orodha yake husubiriwa na wachapishaji na wauza vitabu kwa hamu kubwa. Hapa nchini, mmoja wa watu wanaofahamika kwa desturi hiyo ni mzaliwa wa Kigoma, Zitto Kabwe, aliyekuwa Mbunge wa Kigoma Kaskazini kuanzia mwaka 2005 hadi 2015 na wa Kigoma Mjini kuanzia 2015 hadi 2020, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiweka hadharani vitabu alivyovisoma ndani ya mwaka. Walimu, wanafunzi wa vyuo na wapenzi wa riwaya nao hupeana orodha zao kwa njia ya simu, kila mmoja akitetea kitabu chake.

Kwa mwananchi anayeishi Mwanga, Gungu au Ujiji, na zaidi kwa yule anayeishi Kagunga au Kalya ambako mizigo mingi hufika kwa boti, orodha hizo huweza kuonekana kama mambo ya watu wa mbali. Vitabu vinavyotajwa humo mara nyingi ni vya Kiingereza, vimechapwa ng'ambo, na bei yake humshinda mtu kabla hajauliza vinapatikana wapi. Hata hivyo, orodha ya vitabu vilivyopendwa ina kazi ambayo haiwezi kufanywa na tangazo la duka wala na mtaala wa shule, na kwa mkoa wa Kigoma kazi hiyo ina uzito wa pekee. Makala haya yanaeleza kwa nini, na namna msomaji wa kawaida anavyoweza kuandaa orodha yenye manufaa kwa wenzake.

Orodha mbili zisizofanana

Ni vema kuanza na jambo ambalo wananchi wengi hawalifahamu: Taifa lenyewe lina orodha yake ya vitabu. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoasisiwa kwa sheria ya mwaka 1963 na kuundwa upya kwa Sheria Namba 6 ya mwaka 1975, ndiyo yenye dhamana ya kukusanya na kuhifadhi machapisho ya nchi. Sheria inamtaka mchapishaji kuwasilisha nakala za kila kitabu anachokitoa, na kutokana na nakala hizo Bodi huandaa Bibliografia ya Taifa, yaani kumbukumbu ya vitabu vilivyochapwa Tanzania. Bodi hiyo hiyo ndiyo hutoa namba ya utambulisho wa kitabu, maarufu kama ISBN. Msomaji anaweza kufanya jaribio jepesi: achukue kitabu chochote cha nyumbani na kuangalia namba iliyo nyuma ya jalada. Ikiwa baada ya tarakimu 978 zinafuata 9976 au 9987, kitabu hicho kimepewa namba yake Tanzania.

Bibliografia ya Taifa hueleza kilichochapwa. Haielezi kilichosomwa. Kitabu kinaweza kuandikwa humo kwa usahihi wote, nakala yake ikahifadhiwa Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, na bado kisiwe mikononi mwa msomaji hata mmoja wa Kasulu au Kibondo. Orodha ya msomaji ndiyo huziba pengo hilo. Humwambia jirani kwamba kitabu fulani kipo, kimesomwa hadi mwisho na mtu anayemfahamu, na hakikumchosha.

Tofauti hiyo ina athari za kibiashara pia. Mchapishaji wa vitabu vya Kiswahili hurudia kuchapa kitabu pale anapoona kinaulizwa. Muuza vitabu wa mkoani, ambaye mtaji wake mkubwa umefungwa kwenye vitabu vya kiada na madaftari, huagiza riwaya pale anapokuwa na hakika ya mnunuzi. Mkutubi naye, anapopanga mahitaji ya maktaba yake, hutazama wanachama wameomba nini. Pasipo na anayeuliza, riwaya hubaki na chapa moja, kisha hutoweka madukani kimyakimya ingawa jina lake limo katika kumbukumbu za Taifa. Vitabu vingi vizuri vya Kiswahili vimeishia hivyo, na wala havikupigwa marufuku na mtu yeyote.

Mwambao ulioandikwa sana

Mkoa wa Kigoma, ambao kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 una watu takribani milioni 2.47, hauna uhaba wa vitabu vinavyouhusu. Ni maeneo machache ya bara la Afrika Mashariki yaliyoandikwa mapema na mara nyingi kama Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na miaka miwili baadaye Burton akatoa kitabu kikubwa kuhusu maeneo ya maziwa. Henry Stanley alikutana na Dkt. David Livingstone mjini humo mwishoni mwa mwaka 1871, na mwaka 1872 kitabu chake, How I Found Livingstone, kilikuwa tayari madukani. Verney Lovett Cameron alipita mwaka 1874, naye akaandika. Wageni wanaotembelea makumbusho ya Livingstone pale Ujiji huoneshwa mahali pa makutano hayo, chini ya miembe. Wachache huambiwa kuhusu vitabu vilivyotokana na mahali hapo.

Katika kumbukumbu za wakati huo lipo jambo moja linalostahili kusimuliwa kwa mapana, kwa sababu linahusu uhaba wa karatasi. Mwaka 1871, kabla ya kurejea Ujiji, Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya Mto Lualaba, katika Kongo ya leo. Karatasi zilimwishia, na wino pia. Akachukua gazeti la zamani la London, The Standard, akaandika shajara yake juu ya maandishi ya gazeti hilo, akipitisha mistari yake kukata mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za mimea ya huko. Wino ule ulififia kiasi kwamba shajara ilikaa zaidi ya miaka 100 bila kusomeka yote. Mwaka 2011 watafiti waliopiga picha za kurasa hizo kwa mwanga wa aina mbalimbali waliweza kuyatenganisha maandishi yake na yale ya gazeti, na ndipo ikaonekana kwamba maneno aliyoyaandika papo hapo yanatofautiana katika baadhi ya mambo na yale yaliyochapwa baada ya kifo chake. Aliyesoma kitabu cha mwaka 1874 peke yake hakuwa amesoma kila kitu.

Vitabu hivyo vya wasafiri wa Ulaya vimejulikana duniani. Visivyojulikana sana, hata Kigoma kwenyewe, ni vile vilivyoandikwa kwa Kiswahili katika zama hizo hizo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyahamishia maandishi hayo katika herufi za Kilatini na kuyachapa pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Baadaye, W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza. Ujiji imo katika masimulizi hayo, pamoja na njia za misafara, bei za pembe za ndovu, vita na watumwa. Ni kitabu cha kusomwa kwa jicho kali, kwa kuwa msimulizi ni mfanyabiashara wa pembe na watumwa anayejisimulia kwa fahari, na waliotekwa hawakupewa nafasi ya kusema. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kujua Kiswahili cha biashara ya bara kilikuwaje katika karne ya 19, ni vigumu kupata maandishi ya kulinganishwa nayo.

Kitabu kingine ni Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapwa Ujerumani mwaka 1901. Ndani yake, Waswahili wenyewe wanasimulia safari walizosafiri. Mmoja wao, Selemani bin Mwenye Chande, anasimulia safari yake kutoka pwani kwenda bara hadi Tanganyika. Safari ile ile waliyoiandika Burton na Stanley inaonekana hapa kwa macho ya mtu anayejua lugha ya wapagazi, anayejua hongo hutolewaje kwa mtawala wa njiani, na asiyehitaji mkalimani.

Simulizi iliyokwenda na kurudi

Habari ya kitabu hicho cha mwaka 1901 haikukomea Ujerumani, na mwendo wake unaeleza vizuri zaidi kuliko hoja yoyote kwa nini orodha ya msomaji ina thamani. Mwaka 1994, mwandishi aliyezaliwa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah, alitoa riwaya ya Kiingereza iitwayo Paradise. Ni habari ya kijana Yusuf, aliyetolewa na wazazi wake kwa mfanyabiashara ili kulipia deni, ambaye anaambatana na msafara wa tajiri huyo kwenda bara, kuvuka ziwa, hadi kwa mtawala aitwaye Chatu anayezitaifisha bidhaa zao zote kama malipo ya udanganyifu aliofanyiwa na mfanyabiashara mwingine kabla yao. Wachambuzi wa fasihi wameonesha kwamba Gurnah, alipokuwa akiijenga safari hiyo, alinufaika na masimulizi yale ya Waswahili yaliyokusanywa na Velten, likiwemo la Selemani bin Mwenye Chande.

Riwaya hiyo iliingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huo wa 1994. Kwa miaka mingi baada ya hapo ilibaki kuwa kitabu cha wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza vyuoni. Oktoba 2021 Gurnah alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikachapa tafsiri ya Kiswahili ya riwaya hiyo kwa jina la Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Kwa hiyo simulizi iliyotoka kinywani mwa Mswahili, ikaandikwa kwa Kiswahili, ikachapwa Ujerumani, ikageuka riwaya ya Kiingereza, ilichukua zaidi ya miaka 120 kurejea katika Kiswahili ikiwa kitabu kipya.

Jambo la kuzingatia ni hili: tafsiri ya Kiswahili ilikuja baada ya tuzo. Riwaya ilikuwapo kwa miaka 27, inahusu nchi hii, inapita katika njia za misafara ya bara na kuvuka ziwa, na wasomaji wake wengi wa asili hawakuwa na uwezo wa kuisoma. Haikuwa lazima kusubiri Stockholm. Wasomaji wa kutosha wanaotaja kitabu hadharani na kuuliza kwa nini hakipo kwa lugha yao huweza kuwafikia wachapishaji pia, ingawa kwa sauti ndogo na kwa muda mrefu zaidi.

Mwandishi wa nyumbani

Iwapo msomaji wa Kigoma atatafuta kitabu cha mwandishi wa mkoa wake, jina la kwanza kumjia litakuwa la Ben Mtobwa. Mzaliwa huyo wa Kigoma, aliyefariki mwaka 2008, alikuwa mwandishi wa habari, mchapishaji, na mmoja wa mabingwa wa riwaya za upelelezi na mapambano katika miaka ya 1980 na 1990. Shujaa wake, Joram Kiango, alijulikana na vijana wa wakati huo kama anavyojulikana leo mchezaji wa timu kubwa. Katika Tutarudi na Roho Zetu, Joram anapambana na maadui waliotumwa na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini dhidi ya nchi zilizokuwa mstari wa mbele katika ukombozi. Katika Dar es Salaam Usiku, mwandishi anaacha bastola na kutazama maisha ya jiji: starehe zake, umaskini wake na wanawake wanaolipa gharama ya vyote viwili. Riwaya hiyo ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapwa Nairobi.

Vitabu vya Mtobwa vilisambaa kwa mikono kuliko kwa maduka. Nakala moja ilipita bweni zima la sekondari, ikarudi kwa mwenyewe bila jalada. Wahakiki wa vyuo vikuu kwa muda mrefu waliviita vitabu vya aina hiyo fasihi pendwa, neno ambalo wakati mwingine lilitamkwa kwa dharau kidogo, kana kwamba kupendwa ni kasoro. Matokeo yake ni kwamba wasomaji waliovipenda hawakuwa na mahali pa kusema hivyo kwa maandishi. Shule haikuwauliza. Orodha ya mwisho wa mwaka ndiyo nafasi ambayo msomaji wa leo anayo na wao hawakuwa nayo, na mtu wa miaka 50 mjini Kigoma anayekumbuka kusoma Joram Kiango kwa mwanga wa koroboi ana haki ya kukiandika kitabu hicho katika orodha yake bila kuomba radhi.

Vipo na vitabu vya Gombe. Jane Goodall aliwasili katika ufukwe wa Gombe tarehe 14 Julai 1960, akatoa In the Shadow of Man mwaka 1971, na akaendelea kuandika kwa miongo mingi hadi alipofariki Oktoba 2025. Mara nyingi alieleza kwamba vitabu vya utotoni, vile vya Dkt. Dolittle na Tarzan, ndivyo vilivyomtia hamu ya kuja Afrika kuishi karibu na wanyama. Kwa maneno mengine, mtoto mmoja wa Uingereza alikuwa na vitabu alivyovipenda, na matokeo yake ni utafiti ulioifanya Gombe, iliyotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, ijulikane ulimwengu mzima. Tarzan hakuwa mwalimu mzuri wa kuijua Afrika, lakini mtoto hachagui mlango wa kuingilia.

Meli ya MV Liemba nayo ina fungu lake la vitabu. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikaletwa na kuunganishwa upya Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurejea majini mwaka 1927. Habari zake zilichangia riwaya ya C. S. Forester, The African Queen, ya mwaka 1935, na baadaye Giles Foden aliandika Mimi and Toutou Go Forth, mwaka 2004, kuhusu boti mbili za Kiingereza zilizoburutwa nchi kavu hadi ziwani. Mjukuu wa fundi aliyeshiriki kuiunganisha meli hiyo, au wa mvuvi aliyeiona ikizama, angeisimulia habari hiyo kwa namna nyingine kabisa.

Namna ya kuandaa orodha inayosaidia

Orodha nyingi zina kasoro moja: hutaja jina la kitabu na kuishia hapo, au huongeza kwamba kitabu ni kizuri sana. Msomaji aliye mbali na maduka makubwa anahitaji zaidi ya hapo. Ataje mwandishi, mchapishaji na mwaka wa chapa aliyoisoma, kwa kuwa baadhi ya vitabu vya Kiswahili vimechapwa na kampuni zaidi ya moja na muuzaji hawezi kuagiza kwa jina pekee. Ikiwa kitabu ni tafsiri, amtaje mtafsiri na jina la asili. Mtu anayetafuta Paradise anaweza kuipita Peponi kwenye meza bila kujua kwamba ni riwaya ile ile. Aeleze lugha. Namba ya ISBN, inayochukua mstari mmoja tu, humwondolea muuzaji na mkutubi nusu ya kazi.

La muhimu kuliko yote ni kueleza alikipata wapi. Alikinunua Dar es Salaam akakibeba kwenye treni? Alikiazima maktaba? Ni cha jirani? Maelezo hayo ndiyo huigeuza orodha kutoka majisifu kuwa huduma. Aidha, inapendeza aeleze kitabu kinamfaa nani: mwanafunzi wa kidato cha pili, mzazi anayetafuta cha kumsomea mtoto, au mtu mzima aliyeacha kusoma tangu amalize shule. Si aibu kwa orodha ya mwaka kuwa na vitabu vitatu, wala kuwa na kitabu kilichochapwa mwaka 1951 kama Kusadikika cha Shaaban Robert. Kitabu cha mwaka ni kile kilichosomwa mwaka huo.

Pia msomaji anao uhuru wa kutaja kitabu kilichomkera. Orodha zenye sifa tupu hazimsaidii mtu mwenye fedha ya kununua kitabu kimoja tu kwa mwaka.

Jambo moja linahitaji tahadhari. Katika makundi ya simu, kupeana orodha mara nyingi hufuatwa na kupeana vitabu vyenyewe vikiwa vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), inalinda kazi ya mwandishi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mfano, riwaya za Mtobwa bado zinalindwa, na warithi wake wana haki ya kunufaika nazo. Kuazimana kitabu halisi hakuna kosa. Kukinakili na kukisambaza bila ridhaa ni kosa, hata pale anayefanya hivyo anapokuwa na nia njema kabisa ya kueneza usomaji. Maandishi ya Tippu Tip na ya Selemani bin Mwenye Chande ni ya zamani mno kuhusika na ulinzi huo, ingawa tafsiri na matoleo mapya yake huweza kuwa na wenyewe.

Mahali pa kuanzia

Mwananchi wa Kigoma anayetaka kusoma bila kununua anaweza kuanza katika maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ambako mwanachama aliyejiandikisha huruhusiwa kuazima vitabu, na asiye mwanachama anaweza kuuliza utaratibu wa kujiunga. Akikosa anachokitafuta, asiondoke kimya. Ombi lililoandikwa, lenye jina la kitabu, mwandishi na mchapishaji, lina nguvu kuliko malalamiko ya barazani, na maombi kumi ya kitabu kimoja yana nguvu kuliko moja. Wanafunzi na walimu wenye intaneti wanayo pia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), yenye vitabu vya kiada vinavyosomwa bila malipo.

Kwa wale ambao baada ya kusoma wanahisi kwamba mwambao huu bado haujasimuliwa na watu wake, ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na TET chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Tuzo hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Baba wa Taifa, ambaye mwenyewe alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Miswada hupokelewa kwa lugha ya Kiswahili katika nyanja zikiwemo riwaya, ushairi na hadithi za watoto. Mshindi wa kwanza wa kila nyanja katika awamu hiyo ya kwanza alipata shilingi milioni 10, na Serikali hugharamia uchapaji wa kazi zilizoshinda ili zisambazwe shuleni. Mwandishi wa Ujiji, Uvinza au Buhigwe hushindana kwa masharti yale yale na mwandishi wa Dar es Salaam, na mwaliko wa kuwasilisha miswada hutangazwa hadharani na TET.

Mswada utakaoshinda nao utachapwa, utapewa namba yake ya ISBN, nakala zake zitapelekwa Bodi, na jina lake litaandikwa katika Bibliografia ya Taifa. Baada ya hapo kitabu hicho kitakuwa kinamsubiri msomaji wa kwanza wa kukitaja katika orodha yake ya Desemba.